Tumaini Linalobebwa na Wengine: Somo Kutoka Urakami

Leo tunaitazama fadhila ya tumaini, hasa pale maisha yanapobana mpaka mtu anashindwa hata kusali. Kabla hujaendelea, fungua Biblia usome Mk 2:1-12, Zab 88 na Rum 5:1-5. Usisome harakaharaka kama unavyopitisha picha kwenye simu. Soma taratibu, kisha rudi hapa.

Naomba nianze na aibu yangu mwenyewe.

1. Mtihani nilioufeli

Nilipomaliza falsafa nilitumwa parokiani kwa mwaka wa uchungaji. Nilikuwa na shahada mpya, kanzu mpya, na tuseme ukweli, nilijiona mtu mwenye majibu. Katika mwezi wangu wa tatu pale, kijana mmoja wa VIWAWA alifariki kwa ajali ya bodaboda. Alikuwa na miaka 22. Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeimba naye kwaya, sauti ya nne. Paroko alikuwa safarini, akanipigia simu: "Frateri, nenda kakae na ile familia mpaka nirudi."

Alisema kakae. Mimi nikaenda kuongea.

Mama wa marehemu alikuwa ameketi kwenye mkeka, ameegemea ukuta. Nilipomsalimu alinitazama muda mrefu, kisha akauliza: "Frateri, Mungu alikuwa wapi?" Basi nikamjibu. Nilimweleza kwamba uovu hauna uwepo wake wenyewe, kwamba ni upungufu wa jema. Nikamweleza kwamba Mungu hausababishi, ila anauruhusu kwa ajili ya jema lililo kubwa zaidi. Yote niliyosema yangenipatia alama nzuri darasani. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, akasema, "Asante, Frateri." Halafu akageukia ukuta.

Jioni wakaja wanajumuiya. Mmoja na unga, mwingine na sukari na majani ya chai, mwingine na mzigo wa kuni kichwani. Wakaketi, wakaanza rozari. Mama hakuitikia hata Salamu Maria moja. Nikamnong'oneza mwenyekiti wa jumuiya, mama mtu mzima aliyeishia darasa la saba, kwamba naogopa huyu mama amepoteza imani. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto anayeuliza jambo lililo wazi. Akasema: "Frateri, leo hawezi. Leo tunamsalia sisi. Kazi yetu ndiyo hiyo."

Nimesoma vitabu vingi kuhusu tumaini, lakini neno la yule mama limekaa ndani yangu kuliko vyote. Somo la leo ni jitihada yangu ya kulielewa.

2. Tumaini ni nini hasa?

Mara nyingi tunachanganya tumaini na kujipa moyo. Unakuta mtu ameandika kwenye stetasi yake kwamba yatapita tu, kesho atacheka. Kujipa moyo si dhambi, na kuna siku kunasaidia. Shida yake ni kwamba kunategemea dalili. Dalili zikiwa nzuri tuna moyo. Daktari akisema vingine, au barua ya ajira isipokuja mwaka wa tatu mfululizo, moyo unaisha kama vocha.

Mtakatifu Toma wa Akwino, katika Summa yake, anafundisha kwamba kitu tunachokitumaini kina sifa nne. Kwanza ni chema, maana hakuna anayetumaini baya. Pili hakijafika bado. Ukishakuwa nacho mkononi hukitumaini tena, unakifurahia. Tatu ni kigumu kukipata. Nne kinawezekana. Angalia vizuri hiyo sifa ya tatu. Ugumu umo ndani ya tumaini lenyewe, kwa hiyo shida inapokuja haimaanishi kwamba tumaini limeshindwa. Imefika pale ambapo tumaini linaanza kazi.

Sasa, kinawezekana kwa nguvu za nani? Hapo ndipo tumaini linapokuwa fadhila ya Kimungu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (KKK 1817) inatufundisha kwamba kwa tumaini tunautamani ufalme wa mbinguni na uzima wa milele, tukitegemea ahadi za Kristo na neema ya Roho Mtakatifu kuliko nguvu zetu wenyewe.

Lakini Toma ana swali jingine ambalo darasani tulilipita mbio, na mimi nimelirudia baada ya ule msiba. Je, mtu anaweza kutumaini uzima wa milele kwa ajili ya mwenzake, au kila mmoja anatumaini kwa ajili yake tu? Anajibu kwamba tumaini, likitazamwa peke yake, linamhusu yule anayetumaini. Ila upendo ukiwaunganisha watu wawili, jema la mwenzako linakuwa kama jema lako, na hapo unaweza kutumaini kwa ajili yake. Papa Benedikto XVI naye, katika waraka wake wa Spe Salvi wa mwaka 2007, alisisitiza kwamba tumaini letu daima ni tumaini kwa ajili ya wengine pia.

Sasa rudi kwenye Mk 2. Watu wanne wanambeba mwenzao aliyepooza. Mlango umejaa, wanapanda juu, wanatoboa dari, wanamshusha na godoro lake. Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Hebu soma tena ujionee: katika habari nzima yule mgonjwa hasemi hata neno moja. Hatujui siku ile alikuwa na imani kiasi gani. Pengine alishachoka kupelekwa huku na huku. Tunachojua ni kwamba wanne hawakuchoka, na Yesu alilitazama hilo.

Hayo ndiyo mafundisho. Sasa twende mahali ambapo watu waliyaishi kwa vizazi.

3. Urakami: miaka zaidi ya 200 bila padre

Urakami kilikuwa kijiji cha wakulima nje kidogo ya Nagasaki, nchini Japani. Leo ni sehemu ya jiji hilo. Injili ilifika Japani tarehe 15 Agosti 1549, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria mbinguni, Mtakatifu Fransisko Ksaveri aliposhuka Kagoshima. Kanisa lilikua haraka, na dhoruba nayo ikaja haraka. Tarehe 5 Februari 1597 Wakristo 26 walisulubiwa juu ya kilima cha Nagasaki. Ndio Mtakatifu Paulo Miki na wenzake, tunaowakumbuka kila tarehe 6 Februari. Mwaka 1614 serikali ilipiga marufuku Ukristo nchi nzima. Mapadre wakafukuzwa, waliobaki wakawindwa mmoja mmoja. Mwaka 1644 aliuawa padre wa mwisho aliyekuwa amebaki mafichoni.

Hebu fikiria hali hiyo. Hakuna Misa. Hakuna Kitubio. Hakuna Mpako wa Wagonjwa. Hakuna anayejua kama kuna Papa bado. Na hali hiyo haikuwa ya mwaka mmoja, kama tulivyolia makanisa yalipofungwa sehemu nyingi za dunia wakati wa korona. Ilikuwa ya miaka zaidi ya 200.

Waliwezaje? Waligawana kazi. Kijijini alikuwepo mtunza kalenda, ambaye kazi yake ilikuwa kuhesabu siku na kuwajulisha watu lini ni Noeli, lini ni Kwaresima, siku gani wasifanye kazi za shamba. Alikuwepo mbatizaji, aliyejifunza maneno ya ubatizo na kuyarithisha. Na alikuwepo mjumbe aliyepita nyumba kwa nyumba kupeleka habari kimyakimya. Kazi hizi zilipokelewa kizazi hadi kizazi. Ukiwaangalia vizuri utawatambua: ni katekista wa kigango, ni mwenyekiti wa jumuiya, ni yule mama anayepita kuwakumbusha watu kwamba wiki hii tunasali kwa nani.

Kuna jambo moja ambalo linanigusa zaidi. Watawala walikuwa na desturi ya kuwalazimisha watu kukanyaga sanamu ya Yesu au ya Mama Maria ili kuthibitisha kwamba si Wakristo. Urakami walifanyiwa hivyo mwaka hadi mwaka. Waliokataa waliteswa, wengi wakafa, na Kanisa linawaheshimu wafiadini. Lakini wengi walikanyaga. Waliingia kwa hofu, wakakanyaga, wakarudi nyumbani. Huko nyumbani walifunga milango, wakasali sala ya majuto. Kilikuwepo kijitabu cha mwaka 1603 kilichofundisha majuto kamili, kwa ajili ya watu wasioweza kumpata padre, na mafundisho yake yalinakiliwa na kukaririwa kwa siri.

Wapendwa, hapa tusihukumu haraka. Kanisa linafundisha (KKK 1452) kwamba majuto yanayotoka katika kumpenda Mungu kuliko vyote huleta msamaha hata wa dhambi za mauti, mtu akiwa na nia thabiti ya kukimbilia Kitubio mara tu itakapowezekana. Wale wakulima waliishika nia hiyo maisha yao yote, wakafa nayo, wakawaachia watoto wao. Jumuiya ile ilikuwa na mashahidi wa kufa, na ilikuwa pia na watu waliokanyaga na kurudi wakilia. Wote walipikiana, walizikana, walisalia pamoja. Bila hao wa pili, pengine kusingebaki mtu wa kuwahesabia wengine siku.

4. Swali mbele ya altare

Japani ilipoanza kufungua bandari zake, mapadre wa Kifaransa waliruhusiwa kujenga kanisa Nagasaki kwa ajili ya wageni. Ndilo kanisa la Oura, lililowekwa wakfu kwa wale mashahidi 26. Tarehe 17 Machi 1865 padre Bernard Petitjean aliwakuta mlangoni watu kama 15 hivi kutoka Urakami. Akawafungulia. Akapiga magoti kusali. Mama mmoja akamsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba moyo wao na moyo wake ni mmoja. Kisha akauliza sanamu ya Maria Mtakatifu iko wapi.

Alipowaonyesha sanamu ya Mama akiwa na Mtoto mikononi, walifurahi sana. Wakamweleza kwamba kwa wakati ule walikuwa katika kipindi cha huzuni, wakiadhimisha mateso ya Bwana. Na kweli ilikuwa Kwaresima! Kizazi baada ya kizazi bila padre, bila redio, bila kitabu kilichochapishwa, na bado walijua kwamba ni Kwaresima. Mtunza kalenda alikuwa amefanya kazi yake.

Mwenzangu, mwaka ukisoma habari hii ukaona ni muujiza, kumbuka pia kwamba ulikuwa ni mtu fulani kila mwaka anahesabu siku. Alihesabu, akazeeka, akamfundisha mwingine, akafa bila kumwona padre. Hakuona matunda. Alitumaini kwa ajili ya watu ambao hawajazaliwa.

Nayo shida haikuishia hapo. Serikali ilipogundua, iliwakamata. Kati ya 1868 na 1873 watu zaidi ya 3,000 wa Urakami walihamishwa kwa nguvu na kutawanywa sehemu mbalimbali za nchi. Zaidi ya 600 walifia huko. Marufuku ilipoondolewa mwaka 1873, waliobaki wakarudi na kukuta mashamba yameharibika. Baadaye walinunua kiwanja cha nyumba ya mkuu wa kijiji, pale pale walipokuwa wakikanyagishwa sanamu, wakaanza kujenga kanisa mwaka 1895. Walikuwa maskini, kwa hiyo ujenzi ulichukua karibu miaka 20. Lilikamilika mwaka 1914, moja ya makanisa makubwa kabisa katika Asia ya Mashariki.

5. Saa tano na dakika mbili

Tarehe 9 Agosti 1945, saa 5:02 asubuhi, bomu la atomiki lililipuka juu ya Urakami, mita kama 500 kutoka kanisa lile. Ndani ya kanisa mapadre wawili walikuwa wakiungamisha watu waliojiandaa kwa sikukuu ya Kupalizwa. Hakuna aliyetoka. Kati ya waamini takriban 12,000 wa parokia ile, walikufa kama 8,500. Jumuiya iliyonusurika upanga na uhamisho ilipoteza sehemu kubwa ya watu wake.

Dakta Takashi Nagai alikuwa mtaalamu wa mionzi katika chuo cha udaktari cha Nagasaki. Alikuwa mwongofu. Aliijua imani akiwa mpangaji katika nyumba ya familia ya Moriyama, ambayo mababu zake walikuwa watunza kalenda wa Urakami. Alimwoa binti wa nyumba hiyo, Midori. Miezi miwili kabla ya bomu alikuwa amegundulika ana saratani ya damu. Siku ya bomu alijeruhiwa, akahudumia majeruhi bila kupumzika, na aliporudi nyumbani alikuta majivu. Aliyatambua mabaki ya mke wake. Kando yake ilikuwepo rozari iliyoyeyuka kwa moto.

Kanisa lilikuwa na kengele mbili. Moja ilipasuka. Nyingine ilifukuliwa kwenye kifusi ikiwa nzima. Usiku wa mkesha wa Noeli 1945 walionusurika waliining'iniza kwenye magogo, wakaigonga. Kwa watu wa Urakami, waliokuwa wakiishi katika vibanda katikati ya majivu, huo ulikuwa wito wa sala ya Malaika wa Bwana kama kawaida. Nagai aliishi miaka yake ya mwisho kitandani katika kibanda kidogo akiandika vitabu na kuwalea watoto wake wawili, mpaka alipofariki tarehe 1 Mei 1951.

Mnara wa pili ulibaki bila kengele kwa miaka 80. Kisha Wakatoliki wa Marekani, nchi iliyodondosha bomu, walichanga fedha na kutoa kengele mpya. Aliyeanzisha mchango huo ni profesa ambaye babu yake alikuwa daktari katika mradi uliotengeneza bomu lile. Tarehe 9 Agosti 2025, saa 5:02 asubuhi, kengele zote mbili zililia pamoja. Ulikuwa mwaka wa Jubilei, ambao Papa Fransisko alituita tuwe mahujaji wa matumaini.

6. Na jirani zetu wa Buta

Usiseme hayo ni ya Wajapani. Buta ni seminari ndogo katika jimbo la Bururi, kusini mwa Burundi. Tarehe 30 Aprili 1997, wakati wa vita ya wenyewe kwa wenyewe, watu wenye silaha waliivamia wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu upande mmoja, Watutsi upande mwingine. Walikataa kutengana. Waseminari 40 waliuawa.

Mimi ni mseminari, na kila nikiisoma habari hii najiuliza ningefanya nini. Jibu la kweli ni kwamba sijui. Ninachojua ni kwamba ujasiri ule haukuzaliwa asubuhi ile. Gombera wao, Padre Zacharie Bukuru, ameeleza jinsi katika miaka ile ya vita walivyojitahidi kuwalea vijana wazungumze wazi kuhusu ukabila, wasali pamoja, wacheze pamoja. Bunduki zilipoingia zilikuta vijana waliokwisha kuzoea kubebana.

7. Tahadhari mbili

Ya kwanza: tumaini lisitumike kumfunga mtu mdomo. Katika Misa ya kuwaombea marehemu, Novemba 1945, Nagai alisema kwamba Urakami ilikuwa kama sadaka iliyotolewa kwa Mungu ili vita iishe. Maneno hayo yaliwafariji wengi, na wengine mpaka leo wanayapinga, wakisema bomu lilitupwa na wanadamu na wanadamu wanapaswa kulijibia. Mimi naona hivi: Nagai alisema akiwa amefiwa, mgonjwa, amesimama juu ya majivu ya nyumba yake. Mimi nilimwambia mama maneno yanayofanana na hayo huku nyumbani kwangu wote wazima. Tofauti ni kubwa. Mfiwa akitafuta maana ya msalaba wake, msikilize. Wewe usimtafutie.

Ndiyo maana Kanisa limetuachia Zab 88. Zaburi nyingi za kilio huishia na neno la kumsifu Mungu. Hii inaishia gizani. Na bado ni Neno la Mungu, tunaisali katika Sala ya Usiku kila Ijumaa. Mtu anayelalamika mbele ya Mungu bado anaongea naye.

Ya pili: kutumaini si kukubali uonevu. Watu wa Urakami hawakusema kuteswa ni kuzuri. Walipoweza kurudi walirudi, walipoweza kununua kiwanja walinunua. Kama kuna dhuluma kazini kwako, au binti ananyanyaswa katika nyumba unayoijua, kumwambia avumilie tu kwa jina la Yesu ni kumwacha kwenye godoro lake huku mikono yako ikiwa mitupu. Wale wanne wa kwenye Injili walitoboa dari.

8. Tufanye nini?

Kwanza, kama wewe ndiye uliyepooza sasa hivi, ikiwa husali, huoni mbele, umechoka, basi usijilazimishe kujifanya mzima. Mwambie mtu mmoja: "Nisalie, mimi siwezi." Hiyo nayo ni sala. Kama giza ni zito mpaka unafikiria kujidhuru, usibaki na siri hiyo usiku wa leo. Mtafute mzazi, padre, mtawa, mwalimu au daktari.

Pili, kama leo una nguvu, zitumie kubeba. Nenda jumuiya. Najua vijana wengi tunaona jumuiya ni ya akina mama na wazee. Lakini siku ya msiba hutabebwa na wafuasi wako wa mtandaoni. Watakuja wale wenye kuni kichwani.

Tatu, chagua kazi moja ndogo uifanye kwa uaminifu kama mtunza kalenda. Fundisha watoto wa kipaimara. Mpigie bibi yako kila Jumapili. Sali kumi moja ya rozari kila siku kwa ajili ya mtu mmoja aliyeacha Kanisa. Usihesabu matokeo. Hesabu siku.

Maswali ya kutafakari (binafsi au katika kundi)

1. Katika Mk 2:1-12, leo mimi ni nani: aliyepooza, mmoja wa wanne, au yule aliyeziba mlango?
2. Nani aliwahi kutumaini kwa ajili yangu wakati mimi nilikuwa nimekata tamaa? Je, anajua?
3. Ninawaonaje wale walioanguka na kurudi? Je, kundi letu lina nafasi kwa ajili yao?
4. Ni kazi gani ndogo ninaweza kuifanya kwa miaka mingi hata nisipoona matunda?

Tusali

Ee Bwana Yesu, uliiona imani ya wale wanne ukamwinua mwenzao. Waangalie leo wote waliolala kwenye mikeka ya misiba, kwenye vitanda vya hospitali, kambini na magerezani. Pale wasipoweza kuitikia, pokea maitikio yetu. Utupe mabega yenye nguvu na midomo yenye adabu. Na siku nasi tutakaposhindwa, utuletee watu wa kutubeba mpaka miguuni pako. Maria, Mama wa Matumaini, utuombee. Watakatifu Paulo Miki na wenzake, mtuombee. Amina.

Nimalizie kwa yule mama. Miezi saba baadaye nilimkuta kwenye msiba mwingine, mtaa wa pili. Alikuwa jikoni na wenzake, anasonga ugali. Jioni rozari ilipoanza, mfiwa alikaa kimya kama yeye alivyokaa. Mama akaja akaketi karibu naye, akaitikia Salamu Maria kwa sauti kubwa kidogo kuliko wengine. Sijui kama alipata jibu la swali lake. Hajaniuliza tena. Na mimi jioni ile niliketi kwenye mkeka, nikaitikia pamoja nao.